Weita Aliyeinua Kitambaa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Shangazi hamjambo, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi ni mzima wa afya, ila situlii. Nimehama tena. Chumba cha kwanza kilikuwa juu ya duka la kufulia mashuka, mashine zikinguruma mpaka meno yanagongana. Hiki cha sasa kiko kimya mno, namsikia jirani akifunua gazeti. Nikikaa natamani kusimama, nikisimama natamani kukaa.

Kazi zipo, za kuokotaokota. Juzijuzi nimekuwa dereva teksi, nimekuwa mwizi wa magari, na nimekuwa mgonjwa wodini aliyekata roho kabla hajasema lolote. Wakala wangu wa kunitafutia kazi, mama mmoja asiyemaliza sentensi, anasema nina uso wa mtu wa kawaida, na watu wa kawaida wanatafutwa kila siku ila hakuna anayewakumbuka. Nikamuuliza kama hiyo ni sifa au tusi. Akasema ana simu nyingine, akakata.

Uliwahi kuniuliza nawatoa wapi watu wote hawa ninaowaigiza. Nawatoa nyumbani. Yule dereva teksi ana mabega ya Mjomba. Yule mgonjwa alikohoa kikohozi cha Shangazi, usimwambie. Mtu akinipa karatasi yenye mistari mitatu tu, nafumba macho, nawapitia ndugu zangu mmoja mmoja mpaka apatikane wa kumvaa.

Wiki ijayo naanza filamu nyingine. Nafasi ni ndogo lakini mara hii nina jambo la kufanya. Nitakueleza ikitoka.

Niandikie. Najua kwako simu ni ya kutangazia misiba na bei za vitu, kwa hiyo nasubiri barua, hata fupi.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linadai limepona, mimi ndiye siliamini. Shangazi yako hajambo, tena hajambo kupita kiasi.

Umechelewa kusema nisimwambie. Ile ya wodini tuliiona Jumapili, sebule imejaa majirani mpaka mlangoni. Ulipokohoa tu, Shangazi yako akaruka kitini: "Huyo mimi! Jamani, huyo si mimi?" Wewe ukafa, watu wakasikitika, yeye akawa anapokea pongezi. Siku hizi anakohoa hata kama haumwi, na akimaliza anatutazama, anasubiri makofi.

Mimi nimestaafu ila mikono haijapewa taarifa. Asubuhi najikuta napanga meza ya watu wawili, uma kushoto, kisu kulia, kitambaa nimekikunja kama kofia. Shangazi yako anapita anavuruga, ananikumbusha kwamba hapa si hotelini. Maisha yangu yote nimesimama wenzangu wakila, sasa kukaa ndiko kunakonichosha. Labda kutotulia huko umekurithi kwangu.

Nina swali. Mjomba umemchukua, Shangazi umemchukua. Mbona mimi sijajiona bado? Au baba yako hana cha kuigizwa? Usijibu mbio, natania. Lakini si sana.

Kula vizuri, na acha hamahama. Mtu akiulizwa anaishi wapi awe na jibu.

Baba yako

14 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti, habari za kikohozi cha Shangazi?

Swali lako nimelijibu. Filamu imetoka na mle ndani mimi ni weita. Nimekuchukua wewe mzimamzima: unavyokaza mgongo, unavyokokota makombo kwa ubavu wa kisu bila kugusa kitambaa, unavyosogeza kiti mgeni asisikie hata mkwaruzo. Kisha glasi zinaanguka. Meneja anamwamuru weita aokote vipande kwa mikono, mbele ya wageni. Anapiga magoti, anaokota, anajikata kidole, anakizungushia kitambaa cheupe cha mezani. Halafu anainua uso, anamtabasamia mgeni, na kuinua ule mkono wenye kitambaa mpaka usawa wa sikio. Basi. Haifiki hata dakika mbili.

Baba, ukumbi mzima ulivunjika mbavu! Walicheka mpaka wakapiga makofi. Sasa nikipita barabarani watu wananiinulia leso. Muuza duka ameniinulia risiti. Dereva wa basi kaacha usukani aniinulie mkono, nusura atuue. Mimi ambaye hakuna aliyekuwa ananikumbuka.

Na sasa wanataka tamthilia nzima ya huyo weita. Kila wiki atavunja kitu, atatabasamu, atainua kitambaa. Jina langu ndilo litakalotangulia. Nimepewa mpaka mwisho wa Julai kusaini.

Nimemtumia Shangazi hiyo filamu kwenye simu yake. Tazama, uniambie. Mpaka nisikie kutoka kwako nitakuwa roho juu.

Mwanao

26 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijui hata nianze kukuulizia nini, maana hujanijibu.

Nilimpigia Shangazi. Kwanza alinipiga chenga, akaongea habari za mvua. Nilipombana akasema mlitazama pamoja na majirani, kila mtu akicheka, na mkono ulipoinuka wewe ukachukua kofia ukatoka nje. Anasema umerudi humwambii mtu lolote, na asubuhi hupangi meza tena. Niliposikia hilo la meza, nilimwomba alirudie.

Wakala alikuwa ananipigia asubuhi na jioni. Jana nimesaini. Kazi inaanza katikati ya Septemba. Nilipotoka nikatembea mtaa mmoja kwenda na kurudi mpaka mlinzi wa benki akaniuliza natafuta nini.

Sasa nikwambie, maana kuzungukazunguka kumenichosha. Ile siku ninasafiri, sikupitiliza kwenda stendi kama nilivyokudanganya. Nilikuja hotelini kukuaga. Nilipitia nyuma, jikoni, begi begani, nikasimama kwenye mlango wa kuingilia ukumbini. Niliona mgeni akikupiga kikumbo, glasi zikaanguka, ukapiga magoti. Niliona meneja akikuonyesha vipande kwa ncha ya kiatu. Niliona damu, na kitambaa ukikifunga kwa meno. Halafu nikakuona unamtabasamia yule mgeni aliyekupiga kikumbo, na kumwinulia mkono kama mtu anayeomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Sikukuonea aibu, Baba, naapa. Niliwaza kwamba nikijitokeza utajua nimeona, na utaumia mara mbili. Nikageuka, nikaondoka.

Sijawahi kuachana na mkono ule. Nimeuinua mbele ya vioo vya vyumba vyote nilivyopanga. Siku ya kupiga picha mwongozaji alisema tu, "Fanya kitu hapo," na ukatoka wenyewe.

Ukisema nisiufanye tena, sitaufanya, wakala anile nyama akitaka. Ila sema. Kimya chako sikiwezi.

Mwanao

29 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka Shangazi yako amenifungia mlango kwa nje, anasema sitoki mpaka niimalize. Ananisikiliza kama kalamu inakwaruza.

Uliigiza vizuri mno. Hilo ndilo lililoniuma. Mwingine angekosea tu ningecheka na majirani.

Sasa turudi pale ukumbini, maana wewe ulikuwa umesimama upande mmoja na mimi nilikuwa upande mwingine. Yule mgeni alisimama katikati yetu, mgongo wake kwako, uso wake kwangu. Mimi nilikuwa chini. Kutoka pale chini, yeye na wewe mlikuwa mstari mmoja. Tangu asubuhi nilikuwa nachungulia ule mlango wa jikoni, nilishamwambia mpishi akufungie chakula cha njiani. Nilipoinua uso nikakuona nyuma ya bega lake, begi begani, sura imekukunjamana kama unayetaka kuja kumrukia meneja. Nikaogopa. Nikasema huyu ataharibu safari yake kwa ajili ya glasi.

Nikatabasamu. Nilikutabasamia wewe, si yule bwana. Na mkono nilikuinulia wewe. Nilikuwa nakuaga, mwanangu. Sikuwa na mkono mwingine, ule wa pili ulijaa vipande.

Ukageuka.

Miaka yote hii nimejiambia hukuniona. Nilisema labda mvuke wa jikoni, labda yule mtu alinikinga. Ukanipigia simu kutoka huko ukasema ulikuwa umechelewa stendi, nami nikalipokea hilo kwa mikono miwili, lilinifaa. Halafu naona pale sebuleni, watu wanacheka, na kila kitu kipo: kidole kilekile, fundo lilelile, na meno. Kumbe uliniona mpaka mwisho, ukaenda zako. Na barua yako ndiyo imeniambia kwamba ulidhani nambembeleza yule mtu. Kupiga magoti hakukuniuma hivyo. Magoti ilikuwa kazi.

Nimetabasamu kwa mshahara maisha yangu yote, matabasamu hayo chukua, yanatosha tamthilia kumi. Huu mkono nao sikuzuii. Umeshasaini, na mtu mzima hakimbii kazi aliyoisaini. Nimetaka tu ujue ulikuwa wa nani.

Shangazi yako anagonga. Anauliza kama nimefika mwisho.

Baba yako

19 Septemba

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako niliikuta kisandukuni asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi. Niliisomea kwenye treni nikapitiliza kituo. Nilifika nimechelewa, dada wa vipodozi akaniuliza macho yamefanya nini, nikamwambia vumbi. Akanipaka poda bila kuuliza tena.

Wamejenga ukumbi wa kula ndani ya bohari. Meza, vitambaa, hata mlango wa jikoni, ila nyuma ya ule mlango hakuna jiko, ni nyaya na ndoo za rangi. Glasi zikaanguka. Nikapiga magoti, nikaokota, nikafunga kitambaa kwa meno. Nikainua uso. Badala ya kumtazama yule mwigizaji aliyekuwa mgeni, nikatazama nyuma ya bega lake, mlangoni, nikainua mkono.

Hakuna aliyecheka. Nikasikia taa zikivuma. Mwongozaji akauliza, "Unamtazama nani? Pale hakuna mtu." Tukarudia. Nikafanya vilevile. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hii ni ya kuchekesha." Tukarudia tena na tena, na kila nikiinua uso namtafuta yule mgeni simpati, nakupata wewe mlangoni. Si kwamba niligoma. Uso ndio uliokataa. Mwishowe nililia, mbele ya mafundi mitambo na mtu wa chai, na wakazima kamera.

Nafasi wamempa mwingine. Wakala amemaliza sentensi kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na si sentensi ya kukuandikia mzazi. Jana nilikwenda kuchukua vitu vyangu nikamkuta huyo mwenzangu mazoezini. Ameusoma mkono ule kwenye filamu yangu, anauinua vizuri tu, na watu wanacheka mpaka wanashika meza. Nilisimama pembeni nikiwa na mfuko wa viatu. Niliona wivu, nikaona nafuu, yote mawili kwa pamoja. Sasa kila wiki mtu nisiyemjua atakuwa anainua mkono wako.

Naandika nimekaa kitandani. Nimekaa kweli, sijasimama tangu nianze barua hii.

Baba, nilikuona. Niliona yote nikakosa kukuelewa. Nisamehe. Naomba nije nyumbani.

Mwanao

4 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba mara mbili.

Unaomba kuja nyumbani? Kwani kuna mtu amekaa kwenye kitanda chako? Shangazi yako ameshatoa godoro nje tangu juzi, analipiga kama limemkosea adabu, na majirani wote wanajua unakuja kabla sijakujibu.

Huyo mwenzako mwache achekeshe watu. Ana familia, labda. Anainua kitambaa tu, mle ndani hamna mtu anayemuaga.

Kazi usinililie. Una uso wa mtu wa kawaida, na hao, kwa maneno ya wakala wako mwenyewe, wanatafutwa kila siku. Utapata nyingine, hapa au huko. Wala usije ukidhani nitakuzuia usirudi, mimi si mtu wa kumshika mtu mguu. Njoo ukae unavyotaka kukaa, ule, ulale, tugombane kidogo. Mimi nitapanga meza ya watu watatu na Shangazi yako asithubutu kuivuruga.

Nina sharti moja tu. Siku ya kuondoka usiniletee habari za kuchelewa. Utaniamsha hata kama nimelala, nitavaa viatu, nitabeba begi lako upande mmoja na goti lijitegemee lenyewe. Nitakusindikiza mpaka pale wanapowazuia wasio na tiketi, na nitasimama hapo mpaka usionekane.

Baba yako