Jiwe la Kugongelea Msumari

Kasulu,
9 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua sasa mvua zimekwisha. Maharage mmeshapura? Na mdogo wangu Fidele anakusaidia kweli, au anazurura tu na pikipiki hapo Busunzu? Mwambie namsalimu na nimeyasikia yake. Mimi sijambo, tena sijambo sana, na ni muda mrefu sijalitamka neno hilo nikalimaanisha.

Anayekuletea barua ni Lukmani, mwenzangu wa kazini, wa ofisi yetu ya Kibondo. Usimwache aondoke kabla hajala. Atasema ameshiba, ila husema hivyo kila mahali. Ningeweza kupiga simu, lakini nikiisikia sauti yako mengine nitayameza.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa, nikasema kompyuta, ukaguna. Basi ngoja nieleze vizuri. Nimetengeneza programu inayosoma taarifa za zahanati za vijijini, tangu Kagerankanda hadi huko kwenu: wagonjwa waliokuja, dawa zilizobaki, mvua iliyonyesha. Kisha inatabiri ni zahanati ipi itaishiwa dawa ya malaria katika wiki mbili zijazo. Saa moja asubuhi orodha inatoka, na gari la dawa linajua pa kuanzia. Inatabiri vizuri, Mama. Niache nijisifu kidogo.

Tatizo ni kwamba ilikubali kufanya kazi kwenye kompyuta yangu tu. Nilimtumia Lukmani, ikagoma. Akabadilisha kompyuta, ikagoma tena. Na mimi nilikuwa nimeshamwambia mkuu wetu, Bi Swaumu, kwamba kazi imekwisha na Kibondo wataiendesha wenyewe, naye akawatangazia watu. Nikaona aibu kurudi nyuma. Nikambembeleza Lukmani anyamaze, nikawa naiendesha mwenyewe kila alfajiri na kumtumia orodha, yeye anaitoa kana kwamba imetoka kwake. Miezi minane tuliishi hivyo. Umeme ukikatika nilikimbia na kompyuta kwapani hadi kwa jirani mwenye sola.

Mwezi uliopita homa iliniangusha. Bi Swaumu alikuja kunijulia hali, akanikuta nimejifunika vitenge viwili, meno yanagongana, na vidole viko kwenye kompyuta. Nilimweleza yote palepale. Hakufoka. Aliniuliza tu, siku nikifa, zahanati zitapata nini. Nikapona, akaniagiza niandike kila kitu ambacho programu inakihitaji, hata kile ninachokiona kidogo mno kutajwa.

Hapo nikamkumbuka bibi, Nyogokuru wetu, na sanduku langu la shule. Unakumbuka alivyolifunga? Chumvi, kiberiti, sindano, msumari wa kutundikia taulo, na jiwe la kugongelea huo msumari. Matroni alilicheka jiwe hadi machozi. Nyogokuru alikuwa ameshavuka mpaka wa nchi mara mbili na mzigo kichwani, kwa hiyo alifungasha kwa mtu anayekwenda mahali pasipo na chochote. Wiki ile bweni zima liliazima jiwe langu. Hadi leo nalitumia kuegemeza mlango.

Basi nikaifungasha programu hivyo hivyo. Nikaiweka pamoja na kila inachokitegemea, kifurushi kimoja, kisiombe kitu kinakofika. Na jiwe nililokuwa nimelisahau nikaliona: faili dogo la majina ya vijiji, nililoliweka kwenye kompyuta yangu miaka miwili iliyopita nikaacha kulifikiria. Kumbe kila mara lilikuwa linatafutwa Kibondo na halipo. Kifurushi tukakipandisha kwenye kompyuta kubwa za kukodi zilizo mbali, ambazo vijana wanaziita wingu. Usitazame juu, hutaziona. Sasa yeyote aliyeruhusiwa anabonyeza mara moja, inaanza kazi.

Alhamisi Bi Swaumu aliniamuru nizime kompyuta yangu nimkabidhi. Saa moja na dakika mbili Lukmani akapiga simu kutoka Kibondo kwamba orodha imetoka, vijiji vyote vimo. Nilikaa sakafuni nikalia kwa furaha, na Bi Swaumu akajifanya anasoma karatasi.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Siku ya kuondoa matanga ya Nyogokuru wajukuu wote walikuwepo ila mimi. Nilikuambia Bi Swaumu amenikatalia ruhusa. Ulikasirika, ukasema huyo mwanamke hakuzaliwa na mama, na nasikia bado unawasimulia watu. Mama, nilikudanganya. Bi Swaumu alinipa siku tano na gari la kunifikisha mlangoni. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba nyumbani mmeahirisha. Ningeondoka, orodha isingetoka na siri yangu ingejulikana. Wala sitaki kujificha nyuma ya dawa za wagonjwa. Ilikuwa aibu yangu tu. Nilimkosa Nyogokuru kwa sababu hiyo, na inaniuma kila ninapofungua mlango.

Jumamosi nakuja, na Bi Swaumu anakuja nami. Ameomba mwenyewe kuja kukupa pole, na hajui lolote ulilosema juu yake. Nakuomba umpokee vizuri. Kuku mpelekee Mzee Gharibu wa dukani amchinje, maana mgeni wetu ni Mwislamu. Maneno yote uliyokuwa umemwekea, niwekee mimi. Akishaondoka nitakaa mbele yako uniambie, nami sitajitetea.

Nisalimie majirani wote, na Mama Kezia umwambie dawa yake ya mafua ilinisaidia. Kompyuta nitaiacha Kasulu, imezimwa. Nitakachobeba ni nguo za siku tano na lile jiwe. Naomba unisindikize kaburini nikalirudishe.

Ni mimi mwanao,
Ndayikeza