Mama Mkwe na Neno Lenye Q

Shoga, nimeaibika! Mama mkwe kanifunga ule mchezo wa kupanga herufi. Tena kwa Kiingereza! Mimi, mwalimu wa Kiingereza miaka kumi na miwili!

Nimeng'ang'ana na Q mkononi, natafuta neno lenye Q mpaka jasho linanitoka. Yeye kapanga lake lenye X na Z pamoja, hata hakufikiri.

Namuuliza, "Mama, maana yake nini?"

"Maana ya kazi gani, mwanangu? Hesabu pointi."

Na mume wangu anacheka. ANACHEKA, shoga!

Nikamuuliza mama kalitoa wapi neno hilo. Kumbe kakariri orodha ya maneno magumu niliyowaandikia wanafunzi wangu mwaka jana, kaikuta kwenye droo yangu.

"Mwandiko si wako? Kwani wewe hukuisoma?"