Ngamia wa Mzee Masanja

Bariadi, Jumanne, Oktoba 1993

Sifundishi tena habari za ngamia. Nimeapa.

Wiki jana niliwaeleza Kidato cha Pili kuhusu Niger: misafara ya chumvi jangwani, wanaume wanaofunika uso kwa kilemba, madini ya urani yaliyoanguka bei kama pamba yetu. Nikaongeza kwamba ngamia anaweza kukaa siku kumi bila maji. Hilo ndilo lililofika majumbani.

Leo mchana Mzee Masanja, baba wa mwanafunzi wangu Kabula, amenifuata hadi ofisi ya walimu. Ukame umeshamuulia ng'ombe wawili. Anataka kuuza wanane waliobaki mnadani, kisha nimwagizie ngamia.

"Si mnasema siku hizi ni biashara huria, mwalimu? Mitumba inatoka Ulaya, ngamia atashindwaje kutoka Niger?"

Nikajaribu kumtisha kwa wale wanaume wanaofunika uso. Akafurahi.

"Hao wana akili. Ukikutana na mama mkwe, uso umeshafichwa kwa heshima; huna haja ya kukimbilia vichakani."

Nikamsihi asiuze. Ng'ombe wale ndio uhai wa nyumba yake, na akiwauza kwa ajili ya maneno yangu…

Akaniuliza taratibu, "Wewe huyo ngamia ulimwona wapi?"

"Kwenye kitabu, baba."

Akaitazama fimbo yake, kisha akanitazama mimi.

"Basi siuzi. Niazime hicho kitabu nikawasomee ng'ombe. Labda na wao wataacha kunywa maji."

Na kitabu amekwenda nacho.