Chafya Mbili Langoni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, na uzipokee umekaa, maana nakujua, barua unaisoma umesimama huku mkono mmoja unakoroga sufuria. Natumai hujambo, Shemeji hajambo, na mpwa wangu anaendelea kukua na kumaliza viatu. Mimi ni mzima wa afya, ukiacha kidole gumba cha kushoto ambacho nyundo imekipenda kuliko misumari. Kazi ipo. Wiki hii nimevisha kochi la daktari wa meno kitambaa chekundu kama ufizi, na amelifurahia kupita kiasi.

Nimechelewa kukujibu, na usidhani ni uvivu. Kuna habari imenikaa kooni, na kila nikishika kalamu najikuta naandika mambo ya makochi. Leo nimepiga moyo konde. Nitaieleza kwa utaratibu wake, nawe nakuomba usiruke mistari kutafuta mwisho.

Uliniuliza sisi tuliotoka Zizini, kwa Mlezi Mkuu na dini yake, tunaishije. Tunaishi, Dada, ila Jumapili inatushinda. Kule Jumapili ilikuwa na kazi tangu alfajiri hadi giza, huku nje imelala tu mchana kutwa, nasi hatujui tuifanye nini. Ndipo yule msusi, unamkumbuka, aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawake, akasema tuje saluni kwake siku hiyo anapofunga. Tunakuja watu kama kumi. Yupo mwalimu, yupo dereva wa lori, nipo mimi, na wengine wanaokuja na kupotea. Tunakunywa chai na kuchekana.

Na ya kucheka hayakosekani. Mwalimu alikwenda dukani kununua sabuni, akakuta zimepangwa za kila rangi, akasimama pale mpaka mwenye duka akamwuliza kama anaumwa. Akarudi mikono mitupu, maana kule tuligawiwa kipande kile kile cha kahawia na hakuna aliyewahi kutuuliza tunapenda harufu gani. Mimi siku ya kwanza hapa karakana nilimfuata tajiri kumwomba ruhusa ya kunywa maji. Akadhani namkebehi. Hata viti vya saluni hatuvikalii mpaka msusi aseme kaeni. Siku moja alichelewa kusema, tukasimama wote kama nguzo za umeme, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Wakati mwingine tunakumbushana mazuri ya kule, na hayo ndiyo yanayouma zaidi. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja wakala, wakagawana nguo zake, wakaondoka. Watu wa Zizi ndio waliobaki kutufagilia nyumba na kutuchotea maji. Walimshika Mama mkono alipokuwa haoni mbele kwa machozi. Hata wewe uliwapenda, usikatae. Wangekuja na fimbo tungekimbia, lakini walikuja na mkate. Kisha, kidogo kidogo, vikaondolewa vioo kwa sababu kioo ni mlango wa majivuno. Ikaondolewa redio. Kisha kila mmoja akapewa msimamizi wa roho wa kumweleza kila jioni alichowaza mchana, na msimamizi akakipeleka kwa Mlezi Mkuu. Mama alifanywa msimamizi, na unajua Mama, kazi hakuwahi kuifanya nusu nusu.

Na aliyetoka, kama ulivyotutangulia wewe, alipewa mgongo. Akionekana njiani au langoni, wote tuligeuka ukutani mpaka apite, kana kwamba hewa imejipitia yenyewe. Mlezi Mkuu alipenda kutukumbusha kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, akacheka kile kicheko chake kisichofika machoni. Mimi alinituma kununua misumari ya makochi, nikaenda jumla. Mpaka leo wananisubiri na misumari yao.

Sasa nifike ninapopaogopa. Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa saluni kama kawaida. Siku hiyo msusi alikuwa na jirani yake, mama mmoja mnene ambaye hahusiki kabisa na mambo yetu. Alikuwa chini ya mashine ya kukaushia, kichwa kimejaa rola, kwa sababu alikuwa na harusi ya kwenda. Dereva alikuwa akitusimulia habari za barabarani. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa, na kizingitini akasimama mwanamke aliyekonda, kitambaa cheupe kichwani na mfuko mkononi. Alikuwa Mama.

Dada, hakuna aliyetoa amri. Hakuna hata aliyekohoa. Tuligeuka wote kwa pamoja, tukampa mgongo, mwalimu, dereva, msusi na chano chake cha chai. Nami niligeuka. Mimi niliyemlia Mama usiku, niliyekuandikia kwamba siku nikimwona nitamkimbilia kama mtoto, miguu yangu iligeuka kabla sijawaza lolote. Tulitoka kule, lakini kule hakujatutoka.

Ila saluni haina kuta, ina vioo. Kila mmoja wetu alipogeuka alimkuta Mama mbele yake, yupo kiooni, anatutazama, na pembeni yake akaiona sura yake mwenyewe jinsi ilivyokakamaa. Nilikuwa sijawahi kujiona nikimpa mtu mgongo. Ni uso mbaya sana, Dada. Nilitaka kuufumbia macho na sikuweza.

Aliyetuokoa ni yule mama wa rola. Alitoa kichwa kwenye mashine, akatuuliza kwa sauti ya sokoni ni mchezo gani huu wa watu wazima, na kama kwetu wageni hukaribishwa kwa visogo. Akasema kama hakuna mwenye adabu humu ndani, basi yeye mwenyewe atainuka na rola zake ampe mama wa watu kiti. Akainuka kweli. Ndipo tukageuka, mmoja mmoja, kwa aibu. Mama alikaa alipoonyeshwa. Kwa muda mrefu alikitazama kile kioo, kisha akamwuliza msusi, kwa sauti ndogo, nyusi zake zilianza lini kuwa nyeupe.

Usidhani baada ya hapo tulikumbatiana tukalia kama kwenye mahubiri. Dereva alichukua kofia yake akatoka, na hajarudi mpaka leo. Mkewe bado yuko Zizini, na msimamizi wake wa roho alikuwa Mama. Mama ndiye aliyemfundisha kumpa mumewe mgongo, akamkazia siku alipotaka kulegea. Mwalimu alisema wazi kwamba Mama angepaswa kwanza asimame aeleze aliyoyafanya, ndipo akae nasi. Msusi akamjibu kwamba kusimama na kueleza tulikufanya kule kila jioni, na hakuna aliyepona. Methali inatwambia mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi. Wahenga hawakutuachia ya kufuata pale mama anaponyea.

Nilimchukua. Yuko kwangu, Dada. Ninapoandika haya yuko chumba cha mbele, ananing'olea misumari ya kochi kuukuu, nami nasikia inavyodondoka kwenye kopo. Najua hapa ndipo utakapoiweka barua chini. Iweke, upumue, kisha uishike tena.

Kuishi naye si rahisi. Anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Anaomba ruhusa ya kuzima taa. Siku za kwanza alikaa mbele ya chakula mpaka kikapoa, akisubiri aambiwe. Siku moja nilishindwa, nikamfokea kwamba hapa hakuna kuamriwa, ale. Akala palepale, mpaka mwisho. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikacheka, kisha nikalia, kwa sababu kumbe nilikuwa nimemwamrisha. Hasira ninazo pia, sikufichi. Kuna jioni namwangalia na kukumbuka mambo niliyomnong'oneza nikiwa mtoto, nikidhani namwambia Mama, kumbe namwambia msimamizi. Siku hizo humwachia chai mezani nikaenda kupiga msasa mbao zisizohitaji msasa.

Uliuliza pia kama bado nasali. Nasali, lakini nikiwa nimekaa. Nikipiga magoti tu, masikio yananisimama kumsikiliza Mlezi Mkuu. Nadhani Mungu ananielewa, na kama haelewi, basi hakuwahi kufanya kazi ya makochi.

Sasa sikiliza nililotaka kukwambia tangu mstari wa kwanza. Wewe hukuwahi kunisimulia ile siku uliyokuja langoni. Mimi nilikuwa karakana ya nyuma, nikaja kusikia tu kwamba ulifika na mtoto mchanga na ukapewa mgongo, na kwamba Mama ndiye aliyekuwa zamu ya lango. Sikukuuliza, maana kuna vidonda mtu huachiwa mwenyewe. Lakini juzi nilimwuliza Mama kwa nini ametoka. Nilidhani ataniambia walimkosea, au amechoka, au amegundua Mlezi Mkuu ni mtu kama watu. Akaniambia alitoka kwa sababu ya chafya.

Anasema siku ile alikutambua kwa hatua zako kabla hujafika. Akageukia ukuta, na ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya iliyomwasha macho. Anasema ulimwita Mama, ukanyamaza, ukamwita tena, ukamwambia umemletea mjukuu amwone. Aliweza kuvumilia yote hayo, kwa sababu kuvumilia alikuwa amefundishwa. Halafu mtoto akapiga chafya. Akapiga na ya pili. Anasema neno afya lilimpanda mpaka kwenye meno, kwa sababu ni nani asiyemwambia mtoto afya? Akalimeza. Ukasubiri kidogo, ukaondoka, na yeye hakugeuka mpaka hatua zako zilipoisha.

Tangu hapo, anasema, lile neno lilimkaa hapa, akanionyesha kooni. Alifunga, alisali, aliwasimamia wenzake kwa ukali zaidi akidhani litashuka. Halikushuka. Na mwezi uliopita, katika ile saa ya kimya ya ibada, mtoto wa mtu alipiga chafya mbili huko nyuma. Mama alijisikia anasema afya kwa sauti kubwa, mbele ya Mlezi Mkuu na wote. Akaambiwa anyamaze. Akasema tena. Akawa anasema na kulia, afya, afya, mpaka walipomtoa kwa mikono na kumfungia chumbani atafakari dhambi ya kuvuruga kimya. Alipofunguliwa alichukua mfuko wake akapita lango lile lile. Waliokuwepo waligeukia ukuta. Njia ya saluni aliijua vizuri, kwa sababu tulionywa mno tusiupite mtaa ule hata asiyeujua akaujua.

Guu lake limevunjika kweli, Dada. Ila zizi alilolirejea ni sisi.

Hakunituma nikuombee msamaha. Nilipomwambia nitakuandikia, aling'oa msumari mmoja akautia kwenye kopo. Kisha akaniambia, na safari hii bila kuomba ruhusa ya kusema, kwamba nikimleta kwako na wewe ukampa mgongo, nisikuvute bega wala nisikusemeshe. Nimwache asimame hapo hapo, akutazame mgongo mpaka utosheke wewe, hata kama ni mpaka giza liingie. Alisema hata huo mgongo ni wa mwanawe. Nilichukua nyundo nikaenda kujigonga kidole, na ndicho hicho nilichokwambia juu.

Uamuzi ni wako, na mimi sitakununia ukisema hapana. Uliachwa peke yako na mtoto mikononi, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuharakisha, hata mimi. Andika mstari mmoja tu, nije naye au nisije naye. Jambo moja ananiuliza kila asubuhi kabla ya chai, kama mtoto yule alikuwa wa kike au wa kiume. Hajui, Dada. Miaka yote hii anamfikiria mjukuu wake na hajui amfikirieje. Sijamwambia. Naona hilo si langu kulisema.

Nisalimie Shemeji, mwambie kochi lake nitamtengenezea, aache kulikalia upande mmoja. Wasalimie majirani wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wakumbushe. Na mpwa wangu akipiga chafya, mwambie afya ya kwanza imetoka kwa Mjomba. Ya pili ina mwenyewe. Ukiwa tayari, utamwambia ni nani.

Ni mimi mdogo wako asiyetulia,

Kiroboto