Kanda Ndani ya Gazeti

Ati huko shuleni Kaaga kila mtu anauza sinema za kukopi, kwa hivyo na wewe uanze? Mjukuu wangu, Wanja wa guka, salamu kwanza. Cucu, nyanya yako, ni mzima, na ng'ombe imezaa ndama yenye masikio ya mjomba wako.

Nikiwa kijana nilikuwa nauza kanda soko ya Manyatta. Kwaya yetu ya kanisa ilirekodi nyimbo, mimi nikazikopi zikajaa meza. Kanda zao hazikununuliwa, wakasema hawatarekodi tena. Na wanakwaya wenyewe walikuwa wananunua kwangu! Nikajiambia, basi hakuna mtu anaona ni vibaya.

Lakini kila mmoja alikuwa ananiambia, "Nifungie na gazeti." Siku moja mama mmoja wa kwaya akaniuliza, "Kwani haya magazeti yote ni ya nini?"

"Mama, kanisa yote nawafungia."

"Hata mwalimu wa kwaya?"

"Huyo alichukua mbili."

Akacheka mpaka akashika meza. "Na mimi nilidhani ni mimi tu naona aibu."

Wiki hiyo nikaenda kwa mwalimu, nikamwomba niuze kanda zao, sio kopi zangu. Watu wakanunua bila gazeti, na kwaya ikarekodi ya pili.

Sasa tupatane. Uliza wenzako watano kama ni sawa, mmoja mmoja, sio kwa grupu. Wote wakisema ni sawa bila kuangalia chini, nakupatia meza yangu uuzie hizo sinema. Mmoja tu akiangalia chini, likizo unakuja kurekodi kwaya na simu yako, na unauza hiyo. Umekubali?

Guka