Joho Usilolikata

Ni mwaka mzima sasa, Baba Watoto, tangu ulipofunika cherehani yako kwa ile shuka ya buluu na hukuifunua tena. Nyumba imezoea kimya, mimi bado. Nikisikia mkasi mahali popote, nageuza shingo.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Mikunjo. Wengine wanadhani ni kwa ajili ya uso wako. Nicheke mie! Jina lilitoka kwenye joho la meya, lile jekundu, zito, lenye ukosi mweusi, na leo tunataka kila mtu ajue.

Mameya wa kwanza wa mji huu waliletwa na gavana wa kikoloni, hakuna aliyewachagua. Joho walikuja nalo kutoka kwao, limeshonewa bwana mrefu kama nguzo ya umeme. Ikafika zamu yetu, mwenzetu wa kwanza akakalia kile kiti. Mfupi, tumbo limemtangulia. Ukaitwa, kijana hata ndevu huna, ukaambiwa, "Kata."

Ukasema, "Nguo ya mji sikati, nakunja. Kesho mtaniletea meya mwingine na mwili wake, kitambaa nitakiomba kwa nani?"

Ukakunja kwa ndani chote kilichozidi. Kila meya aliyefuata ulimfungulia hapa, ukamkunjia pale. Ulikuwa mpole kwa watu wote, wateja wabishi na watoto wa jirani, ila mtu akisogeza mkasi karibu na joho, hapo tulikuwa hatukujui.

Halafu serikali ikafuta umeya. Madiwani wakaambiwa warudi makwao, tume ya kuteuliwa ikaingia ofisini. Tarishi akakuletea joho ndani ya gunia. "Fundi, wakubwa wanataka vitambaa vya meza."

Wakapata vitambaa vya meza, tena vyekundu, wakavisifu. Hawakujua ni kitambaa kingine kabisa. Joho lenyewe ulilitia kati ya shuka mbili, ukalipiga bandi, ile mishono mirefu ya kufumuka kwa kidole, likawa mfarishi wetu wa kitandani.

"Utatufungisha wewe!" nikakwambia.

"Mwenye kesi ni mfarishi. Mimi nimejifunika tu."

Basi tukalala chini ya umeya, mume wangu. Kitinda mimba wetu alikulia humo, ndiyo maana ukampa jina la Diwani, na mpaka leo ndivyo tunavyomwita.

Siku moja mwenyekiti wa tume mwenyewe akaja nyumbani kupimwa suruali. Kiti chetu kimevunjika mguu, akakaa kitandani. Akapapasa.

"Mfarishi mzito huu, fundi. Mmejaza nini?"

Ukatoa pini mdomoni, bila haraka. "Mambo ya mama watoto, mheshimiwa. Mimi siulizi."

"Hata kwangu ni hivyo hivyo," akasema, akainuka kupimwa. Mimi nyuma ya pazia nimeuma kitenge, nusu hofu, nusu kicheko.

Miaka ikaenda. Redio ikianza kusoma habari, ulinyamazisha nyumba nzima. Ulikuwa unangoja jambo moja tu: meya aliyepigiwa kura alivae joho lile nawe ukiwa hai. Macho yakapungua nguvu, uzi ukawa unautunga kwa kubahatisha, kungoja hukuacha.

Na siku ikaja! Sheria ikabadilika, watu wakapanga foleni, wakapiga kura. Aliyeshinda ni mwanamke, mwalimu mstaafu, mpana wa mabega, mrefu kuwapita madiwani wote. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Haya, kama ningelikata, leo mama wa watu angevaa nini?"

Tukautandaza mfarishi sakafuni. Diwani akafumua, wewe ukimwongoza kwa vidole. Mikunjo yote ikafunguliwa, ya yule mfupi, ya yule mwembamba, ya wote. Kitambaa kikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, hakikupungua hata uzi. Mlipolifikisha ofisi ya meya, yule tarishi, mzee sasa, alilishika akalia.

Siku ya kiapo ulikaa mstari wa mbele na suti yako ya harusi. Meya alipokuwa akipita, akasimama mbele yako.

"Fundi, linanikaa?"

Mwingine angesema ndiyo, mheshimiwa, yakaisha. Wewe ukasema, "Hebu geuka nyuma, mama, niuone mgongo."

Na meya wa mji mzima akageuka, taratibu, kama mteja yeyote wa kibandani kwako. Ukapapasa bega hili, ukapapasa na lile.

"Limekaa."

Ukumbi mzima ukasimama! Vigelegele vile, Baba Watoto, nadhani masikio yako bado yanavuma huko uliko.

Miezi michache baadaye ulituaga, moyo wako umetulia. Mfarishi ninao bado, mwepesi sasa, baridi inapenya na wala sinung'uniki, maana najua joho liko mabegani mwa nani. Diwani ndiye analitunza. Mkasi hausogei.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Wanao wote watatu na wakwe zako. Wajukuu, hata yule mdogo uliyemwachia kofia. Dada yako aliyekufundisha kushika sindano. Na mafundi wenzako wa kibandani.

Kila meya mpya atakapoambiwa "geuka nyuma", tutakukumbuka, fundi wetu. Leo na siku zote.