Spidiloda ya Marehemu Papa Kalonda

Jumamosi, 3 Mei

Nimepiga pasi mashati matano. La bluu Espoir amelivaa likiwa bado na joto. Wiki tatu za ndoa na bado nanusa nguo za mume wangu kabla ya kuzifua! Asante Mungu kwa Espoir. Asante hata kwa masikio yake makubwa.

Ametoka tena kutafuta spidiloda. Kidude cha duara, kinashika risasi sita, unazisukuma zote kwenye rivolva mara moja. Anakitaka kwa mashindano ya klabu yake ya shabaha. Za madukani hazimfai. Mbao za mpini wa rivolva yake, zile zile za kiwandani, ni nene upande wa kushoto. Kidude kinazigonga, risasi haziingii.

Rivolva aliuziwa na bosi wake wa zamani, papa Kalonda, kwa karatasi zote. Papa alifariki siku nne baada ya arusi yetu. Matangani hatukwenda. Mama yangu alitukataza kwa simu kutoka Uvira: maharusi hawakanyagi nyumba ya msiba kabla mwezi wa kwanza wa ndoa haujaisha, ni mkosi.

Jumamosi ya tatu hii. Karudi mikono mitupu. Hakula. Wali wangu wote!

Jumatatu, 5 Mei

Shati la bluu linanuka sombe, yale majani ya muhogo. Mimi sijapika sombe tangu arusi. Na kifungo cha pili, kilichokuwa kinaning'inia, kimeshonwa. Uzi mweusi. Sina uzi mweusi.

Nimelia kidogo bafuni. Jioni kaniletea maua, kayanunua kwenye robot, pale taa za barabarani. Nimeyapenda. Nimeyachukia pia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia Furaha, tunayesuka naye hapa saluni. Akacheka mpaka kitana kikamdondoka. "Eish, bibi arusi! Chuma gani kinatafutwa Jumamosi tatu? Chuma hicho iko na wigi!" Wateja wakacheka. Nami nikacheka. Iliuma.

Mchana nikapanda taxi mpaka duka la silaha alilonitajia, mtaa wa Berea. Mzee wa kaunta anamkumbuka. Alimshauri asage ile mbao ya kushoto kidogo tu, spidiloda yoyote itapita. Espoir alikasirika, akatoka. Hakurudi tena.

Mara moja tu. Basi Jumamosi mbili alikuwa wapi?

Mume wangu ananidanganya. Nimeiandika.

Ijumaa, 9 Mei

Sijauliza. Naogopa jibu. Kanikumbatia, nimekuwa gogo. Bado ni mzuri. Hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Jumamosi, 10 Mei

Aliposhika funguo nikasimama mlangoni. "Nani anakushonea vifungo?"

Akakaa kitandani. Mama Kalonda, akasema. Mjane wa papa. Anakaa Cato Manor.

Papa alikuwa na spidiloda nyembamba, ilipita bila kugusa mbao. Wanaitafuta pamoja kwenye masanduku yake. Kusaga mbao Espoir hataki: kidole gumba cha papa kimechimba alama pale. Nikamuuliza kwa nini anifiche mimi. "Ungejua, ungeogopa kwa ajili ya ndoa yetu, sheri. Nikasema mkosi uwe wangu peke yangu."

Mjinga wangu! Nilitaka kumpiga na kumbusu kwa pamoja.

Nikavaa viatu. Nikamwambia twende wote. Mwezi wetu ulibakiza siku mbili.

Jumapili, 11 Mei

Sombe ya mama Kalonda inaishinda yangu. Nakiri. Jana hakuuliza kwa nini nimechelewa kuja. Alinishika tu mikono.

Masanduku yote hayakuwa na spidiloda. Gauni langu likanasa kwenye msumari, nikaomba sindano. Akanipa kopo la vifungo. Spidiloda ilikuwa humo, chini kabisa. Aliigeuza kiganjani muda mrefu, akampa Espoir. Mimi nikaenda kuosha vyombo.

Leo, baada ya kanisa, kaijaribu kwa risasi za mazoezi. Imepita kando ya mbao. Nafasi ni ya unene wa ukucha.

Mama amepiga simu mara mbili kutoka Uvira. Nitampigia Jumanne, mwezi ukiwa umeisha.

Nimepiga pasi shati la bluu. Uzi mweusi nimeuacha.